Gulio, kande na nchi iliyobanwa: kusoma Habari za Wakilindi kwa sikio la Lushoto

Ukifuatilia matangazo ya halmashauri zetu utakuta maneno mawili yanatembea pamoja kama mapacha: minada na magulio. Ushuru wa minada na magulio, usafi wa minada na magulio, ratiba ya minada na magulio. Mnada tunaujua sote, wa ng'ombe au wa mitumba. Gulio je? Mtu wa Dar es Salaam atalielewa kwa kubahatisha, ila mwenyewe halitumii. Sasa panda gari Mombo, pita zile kona zinazofanya abiria wageni wafumbe macho, fika Soni, kisha Lushoto, kisha Mlalo huko. Neno hilo hapo ni la kila wiki. Gulio si soko tu. Ni soko lenye siku yake, na siku hiyo karoti, kabichi na peasi zinashuka kutoka kila bonde vichwani mwa akina mama tangu kabla jua halijatoka.

Ndani ya neno hilo mna kitenzi ambacho Kiswahili sanifu kilishakipoteza. Nenda Uganda usikilize: kununua ni kugula, kuuza ni kuguza. Vyote vimetoka tumbo moja, kwa sababu guza ni kumfanya mwenzako agule. Wasukuma nao wanagula. Sasa chukua guza, dondosha ile g ya mwanzo kama Kiswahili kilivyozoea (Waganda wanasema genda, sisi twasema enda, wao gamba, sisi tuna amba, ile iliyozaa ambia na ambaye). Unapata uza. Yaani sisi tunauza kwa kitenzi cha ukoo wa Kibantu wa zamani sana, lakini tunanunua kwa kitenzi kingine kabisa. Mtoto kabaki nyumbani, mzazi kahama. Na huyo mzazi ukimtafuta, bado yupo Tanga, amekaa ndani ya gulio na wala hajui kama ametoweka.

Nimeanza na neno hili kwa makusudi, maana nataka kuzungumzia kitabu, na kitabu chenyewe mara nyingi kinasomwa vibaya kwa sababu ya maneno yake. Ni *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Wengi wanaokitaja hukitaja kama chanzo cha historia. Wachache wanaokitaja kama fasihi hukisifu kwa "Kiswahili cha kale", sifa ambayo mimi naiona ni njia ya heshima ya kusema hatutakisoma. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ukale ndani ya kitabu hicho si ukale. Ni maneno na mambo ambayo watu wa Usambara wanaendelea kuyaishi, na kama tunayaona ya zamani ni kwa sababu tumeyatazama kutoka mbali.

Lakini kwanza tutenganishe mambo. Kuna neno la kale lililokaushwa na kuna neno la kale lililo hai. La kukaushwa ni kama yale ya methali: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ya mbele, ngama ni humo tumboni mwake. Mzee wa Mtae aliyezaliwa mlimani, ambaye bahari anaiona kwenye kalenda, anaweza kuitumia methali hiyo barabara kabisa kumkanya mjukuu anayekwenda mjini. Anajua maana ya methali. Tezi yenyewe si lazima aijue, na wala haimhusu. Maneno haya yamehifadhika kama samaki mkavu: yanasafiri mbali, hayaozi, lakini hayaogelei. Huwezi kumwambia fundi gari "nirekebishie tezi". Gulio ni kitu tofauti. Gulio lina wingi wake, lina ushuru wake, lina ugomvi wake. Mtu akisema "gulio la leo limechacha" hakumbuki chochote cha mababu, anahesabu hasara.

Wahakiki wetu wengi wanawapenda samaki wakavu. Ukisoma uchambuzi wa lahaja katika riwaya na ushairi wa Kiswahili, utaona neno likisifiwa kwa sababu limepotea. Linang'aa kwa kuwa hakuna anayelitumia. Na waandishi, bila shaka, wamelisikia hilo. Wapo wanaonyunyiza maneno ya bibi zao kwenye kurasa kama pilipili manga juu ya yai, kwa herufi za mlalo, na maana yake chini ya ukurasa. Msomaji anashangilia, kisha anasahau. Mimi sina shida na neno geni. Shida yangu ni neno lisilo na kazi.

Sasa Abdallah bin Hemedi. Huyu alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, aliyekaa Mazinde kama karani wa Semboja, mmoja wa wana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyefariki 1862. Baadaye, Wajerumani walipotawala, alishika madaraka Tanga. Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu tatu na wamisionari wa UMCA, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha J. W. T. Allen akazileta sehemu hizo pamoja katika toleo la 1962 la East African Literature Bureau. Kwa hiyo tunaye mgeni aliyeishi na wenyeji kwa muda mrefu, akaandika mambo yao kwa lugha yake. Hali hiyo ndiyo inayokipa kitabu nguvu. Hakuandika ili kuionyesha Kishambaa. Aliandika ili asomwe na mtu wa Tanga, wa Pangani, wa Unguja. Neno la mlimani likiingia, linaingia kwa sababu jambo lenyewe ni la mlimani.

Anza na lile la mwanzo kabisa la hadithi: kigego. Mbega, mwindaji wa Ngulu ambaye uzao wake ndio utakaotawala Usambara, alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Neno hili liko kwenye kamusi zetu mpaka leo, na ukitafuta mizizi yake ukakutana na gego, jino la kutafunia, hutashangaa. Katika simulizi, hilo jino ndilo linalomfukuza Mbega kwao. Jamaa zake wanamwona ni nuksi, anaondoka, anafika Kilindi, huko nako balaa linamfuata, mtoto wa mkubwa wa mji anakufa mawindoni. Anakimbia tena, msitu kwa msitu, na mbwa wake, mpaka anatokea milimani. Zirai, Bumbuli, hatimaye Vuga. Ufalme mzima unaanza na fizi za mtoto mchanga.

Msomaji wa leo akifika hapo ataona ngano nzuri. Asome tena polepole. Neno kigego halikuwa pambo, lilikuwa hukumu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Kwa hiyo kitabu kinaanza kwa kumpa ufalme mtu ambaye kwa desturi hakutakiwa kuwepo, na mwandishi hasimami kueleza kejeli hiyo. Anaiacha ifanye kazi yenyewe. Hapa niseme wazi, kwa sababu watetezi wa maneno ya kale tuna tabia ya kulia kwenye kila msiba: kigego likifa mdomoni mwa watu, mimi sitavaa kaniki. Lisomwe kitabuni, lieleweke, liishie humo. Si kila neno la zamani linastahili kuombewa maisha marefu.

Nkande ni hadithi nyingine.

Kwa Kishambaa, na kwa majirani zao Wabondei na Wazigua, nkande ni chakula. Chakula kwa jumla, hasa kile kinachotoka shambani. Kiswahili kilipolichukua kilidondosha n iliyosimama mbele ya k, kama ilivyo kawaida yake, likawa kande. Leo ukisema kande, au makande, Mtanzania yeyote anaona sufuria moja tu: mahindi na maharage, yamechemshwa mpaka yamekubali. Mkenya wa bara angeita githeri. Waliosoma shule za bweni wanajua zaidi ya hapo, na wanajua pia kwamba si kila kilichoelea kwenye sahani kilikuwa haragwe. Yaani neno lililobeba chakula chote limeshuka likawa jina la mlo mmoja, tena mlo unaodharauliwa. Wapare wanasema makande ni yao, Wasambaa wananuna, na ubishi huo hautaisha leo.

Turudi kwa Mbega. Anapofika milimani ana nini? Ana mbwa, ana silaha, ana nyama. Wenyeji wana nini? Wana migomba na mashamba. Nguruwe mwitu wanawaharibia mazao, yeye anawaua. Anawapa nyama, wao wanampa chakula cha shamba. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Shambaa, aliliona jambo hili na kulipa uzito: mgeni anatoa nyama, wenyeji wanatoa nafaka na ndizi, na katika kubadilishana huko utawala unazaliwa. Kwanza ni ujirani, kisha ni desturi, kisha ni kodi. Mtu anayejua nkande kuwa ni chakula chote, matunda ya jembe lote, anasoma ukurasa huo na kuona mkataba. Anayejua kande kuwa ni sufuria ya Jumatano bwenini, anaona watu wakarimu wakimlisha mwindaji mwenye njaa. Kitabu ni kilekile. Neno ndilo lililopunguka mkononi mwa msomaji.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kusoma kitabu hiki ukiwa na sikio la Lushoto. Nakala yangu mwenyewe ni fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine zimeinama, na pembeni nimeandika maneno niliyoyasikia kwenye magari na magulioni. Naona mistari ya penseli inazidi kila mwaka. Si kwamba nimekuwa msomi zaidi, ni kwamba nimeanza kusikiliza.

Kuhusu vyeo sitakaa sana, ingawa ningeweza. Mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Mwene huyo ni ndugu wa mwenye wetu, na wa mwinyi wa visiwani, kule ambako Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki 1873. Cheo kimekwisha, neno linaongoza vikao: kila kijiji nchini kina mwenyekiti. Mkuu wa chini ya mfalme alikuwa zumbe. Pwani wakisema jumbe. Serikali ilifuta uchifu mwaka 1963, zumbe likabaki kuwa jina la watu. Diwani, ambaye leo anagombea kata na kupigiwa simu usiku kuhusu daraja lililokatika, alikuwa mkubwa wa mji katika pwani ya Mrima kabla ya Mjerumani. Akida na liwali wamekufa kabisa. Karani yu mzima na ana kompyuta. Na kwa kuwa tumemtaja Mjerumani, aliyeiita Lushoto Wilhelmstal: sarafu yake ya heller, iliyoanza kupigwa 1904, mia moja kwa rupia, imekufa zaidi ya karne sasa, lakini kondakta wa Soni bado anadai hela. Kuna Wajerumani wanaofuga maua dirishani wakiyaita kwa jina la Usambara, na sisi tunahesabu fedha kwa jina la sarafu yao. Tuko sawa.

Ninachotaka kukaa nacho ni kitabu kingine kilichozaliwa na milima hii hii, kwa sababu kinaonyesha upande wa pili wa hoja. Karl Roehl alikuwa mmisionari wa Bethel aliyefanya kazi Usambara. Alikijua Kishambaa kiasi cha kuandika sarufi yake, iliyochapwa Hamburg 1911 kwa Kijerumani. Kisha akaitafsiri Biblia kwa Kiswahili akisaidiwa na wenyeji: Agano Jipya likatoka 1930, Biblia nzima 1937. Tafsiri hiyo inajulikana kwa jambo moja kuliko mengine yote: aliyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu kadiri alivyoweza, akaweka badala yake yenye asili ya Kibantu. Aliamini Kiswahili cha bara kingekuwa na nguvu zaidi kikisafishwa hivyo.

Ukiyaweka mabega kwa mabega, hawa wawili ni kama mtihani uliopangwa. Karani Mwislamu wa pwani, ambaye lugha yake imejaa Kiarabu, anaandika habari za Wakilindi na kuyaacha maneno ya mlimani yakae pale yanapohitajika. Mchungaji Mjerumani anayeipenda lugha ya mlimani anaandika Kiswahili kwa kuyaita maneno ya Kibantu kutoka yalikolala na kuyapa kazi kwa amri. Roehl alikuwa msomi kweli, tena msomi mkubwa, na wapo waumini walioipenda Biblia yake na kuishika kwa miaka mingi. Lakini 1952 ilipotoka Biblia ya Muungano, hiyo ndiyo iliyoenea. Watu walikuwa wameshazoea kusali na kufikiri kwa maneno yaliyochanganyika. Maneno ya Kiarabu hayakuwa wageni tena. Yalikuwa na wajukuu.

Natoa mfano huu kwa sababu kila baada ya muda anaibuka mtu na wazo la kurudisha maneno ya asili. Wazo lina mapenzi ndani yake, silibezi. Ila neno halirudi kwa sababu ni letu. Gulio halikudumu kwa kuwa kuna aliyelitetea. Lilidumu kwa kuwa soko la siku zote na soko la siku moja ni vitu viwili, na mchuuzi anahitaji kuvitenganisha kabla hajakodi gari. Halmashauri ilipotaka kukusanya ushuru ikalikuta neno pale pale, ikaliandika kwenye fomu. Hakuna kamati iliyokaa.

Sasa niseme kinachoniuma, maana kama ingekuwa ni mambo ya soko na sufuria ningeandika kifupi.

Katika *Peasant Intellectuals*, kitabu chake cha 1990, Feierman anayafuatilia maneno mawili ya Kishambaa kwa zaidi ya karne moja. La kwanza ni kuzifya shi. La pili ni kubana shi. Shi ni nchi. Ni neno lilelile, Waganda wanasema ensi, sisi nchi, na ndani ya chini yetu ndilo hilo lililojilaza. Kuzifya ni kutengeneza, kuponya. Kubana ni kuharibu. Angalia hapo, sikio la Kiswahili linateleza: utadhani nchi imebanwa kama mtu aliyebanwa na deni au na mlango wa daladala. Sivyo. Kwa Kishambaa nchi iliyobanwa ni nchi iliyoharibiwa.

Iliharibiwa na nani? Hilo ndilo swali ambalo maneno hayo yanaliuliza. Mfalme aliyeshika nguvu zote, mwenye dawa za mvua, asiye na mpinzani, alisemwa anaizifya shi: mvua inanyesha, mahindi yanabeba, watoto wanaishi. Wakubwa wakishindana, ikawa nguvu kwa nguvu, basi shi inabanwa: ukame, njaa, vita. Baada ya Kimweri kufa, wanawe na ndugu zake walipogombana na kuuza watu, hilo ndilo lililotokea, na sehemu ya mwisho ya *Habari za Wakilindi*, ambayo mwandishi alizishuhudia nyakati zake kwa macho, haina maelezo bora zaidi ya hayo. Ukiisoma bila haya maneno mawili, ni orodha ya vita vya watoto wa mfalme, fulani kamchomea fulani mji. Nakiri kwamba hata wasomaji wazuri huchoka hapo na kufunga kitabu. Ukiisoma ukiwa nayo, kila kijiji kinachochomwa ni ushahidi katika kesi moja, na anayeshtakiwa ni utawala.

Maneno hayo hayakufia karne ya 19. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwa mtaalamu wa kilimo lilikuwa jambo la udongo na maji. Kwa wakulima, na zaidi kwa wanawake ambao jembe lilikuwa lao, lilikuwa kazi ngumu juu ya kazi, shamba linaloliwa na matuta, na mkubwa anayewaamrisha kwa niaba ya mzungu. Mpango ulikataliwa, ukaachwa. Feierman anaonyesha jinsi mjadala wa wakati ule ulivyopita katika lugha ya zamani: ni nani anayeiponya nchi, nani anayeiharibu. Ndiyo maana nasema lile halikuwa neno la makumbusho. Lilikuwa na kazi kwenye mikutano ya siasa miaka michache kabla ya uhuru.

Linganisha na msamiati tulio nao leo kwa mambo yaleyale. Mteremko ukiporomoka baada ya mvua, tunasema uharibifu wa mazingira. Msitu ukiliwa, tunasema ukataji miti ovyo. Tunasema uhifadhi, uendelevu, mabadiliko ya tabianchi. Ni maneno halali, mengine mazuri; tabianchi nalipenda, limetungwa kwa akili. Nimeyaandika mwenyewe gazetini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini yatazame yanavyokaa kwenye sentensi. "Uharibifu wa mazingira umeongezeka." Umeongezeka tu, kama mtoto anavyorefuka. Hakuna mtenda. Kubana shi haikubali sentensi hiyo. Ni kitenzi chenye kutaka mtu, na mtu mwenyewe lazima awe na nguvu, kwa sababu mnyonge hawezi kuibana shi. Mama anayekata kuni Magamba hana ubavu huo. Neno linampita yeye na kumtazama aliye juu yake.

Hili ndilo ninalodhani linapotea Kishambaa kinapokuwa lugha ya kuzungumza na bibi tu, na baada ya bibi hakuna. Lushoto mjini utasikia watoto wakimjibu mzazi kwa Kiswahili hata anapowaita kwa Kishambaa. Siwalaumu, na siwalaumu wazazi wao. Kiswahili ndicho kinachofungua shule, kazi, redio, simu. Mimi mwenyewe naandika kwa hicho. Kiswahili kimetuunganisha na sitaki kurudi nyuma ya hapo. Ila Kiswahili nacho kinapata hasara, na sioni wenzangu wakiihesabu. Gulio litabaki, maana lina ushuru. Kande litabaki, maana shule za bweni hazifungwi. Maneno ya kushitaki ndiyo yanayoondoka kimya, kwa kuwa hayana sehemu kwenye fomu.

Na mtu akitaka kuyatafuta, atayakuta wapi? Kamusi kubwa ya Kishambaa iliyoandaliwa na LangHeinrich ilichapwa Hamburg 1921. Maana zake ni za Kijerumani. Sarufi ya Roehl, Kijerumani. Ruth Besha, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika uchambuzi makini wa njeo na hali katika Kishambaa. Ukachapwa Berlin 1989, kwa Kiingereza. Vitabu vyote viwili vya Feierman, Kiingereza. Sisemi hivyo kuwashutumu. Kila mmoja wao alifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini fikiria binti wa Bumbuli aliyesikia neno kwa nyanya yake msibani, akataka kujua lina uzito gani. Kamusi za Kiswahili zitamwambia halipo, au zitambandikia alama ya lahaja. Ili alifikie neno la ukoo wake inabidi kwanza ajifunze lugha ya Wilhelmstal.

*Habari za Wakilindi* ndicho kitabu kikubwa pekee ninachokijua kinachoizungumzia milima hii kwa Kiswahili kutoka ndani ya wakati wake, na kipo tayari. Kinachohitajika si sanamu. Ni toleo jipya la bei ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuilipa, lenye maelezo ya maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu anayejua Kishambaa, akisema waziwazi: hili bado linatumika gulioni, hili limebaki kwenye majina, hili limekufa na lipumzike. Nafasi pembeni za ukurasa ziachwe pana. Wasomaji wa Mlalo, Mtae na Vuga watakuwa na ya kuongeza, na mengine yatapinga niliyoyaandika hapa.

Ukianza kukisoma, usianzie kwenye vita. Anza pale Mbega anapotoka msituni na mizigo ya nyama, na wenyeji wanakuja na vikapu. Uangalie kilichomo vikapuni.